Ukurasa wa Kwanza na wa Mwisho

Saa moja asubuhi, siku ya Jumamosi, Inspekta Mwenze alikuwa amekwisha kukaa na kusimama mara tatu mbele ya mlango wa buloko, mahabusu ya kituo cha polisi. Treni ya Lubumbashi ilikuwa inaondoka saa kumi za mchana. Kama hakuna jambo jipya, fundi Numbi angepanda treni hiyo na pingu mikononi, na faili lake kwapani mwa askari. Juu ya faili liliandikwa neno moja tu: udanganyifu.

"Bamulete," alisema.

Numbi aliletwa. Siku nne za buloko hazikuondoa mafuta meusi katika kucha zake.

"Kaa, Numbi."

"Nimekaa siku ine, chef. Acha nisimame kidogo."

"Simama basi. Uligusa compteur ya Land Rover ya Tata Muamba?"

"Niliigusa."

Askari wa mlangoni akacheka. "Unaona? Anakubali yeye mwenyewe!"

"Weye, nyamaza. Numbi, uliigusa namuna gani?"

"Niliitosha, nikaitoa inje, nikatia ingine. Ile ya kwanza ilikufwa. Kamba yake ilikatika, bimeno ya ndani ikasagika yote. Mwaka wa sabini na moja." Numbi alitazama askari, kisha Mwenze. "Chef, kurudisha namba nyuma ni kazi ya dakika kumi, na mi nayua kuifanya. Kama ningetaka kuiba, ningetia elfu makumi mbili, namba ya kupendeza macho. Nani anaiba na kuacha elfu makumi ine na sita?"

Neno lile lilikuwa na akili ndani yake, na Mwenze alilijua. Lakini karatasi nayo ilikuwa na akili yake. Wiki tatu nyuma, Tata Muamba, karani mzee aliyeacha kazi, mtu wa Kasai anayekaa Dilala, aliuza Land Rover yake kwa Mbayo, mfanyabiashara wa makala, yale makaa ya kupikia, na mihogo, wa Mutshatsha. Siku ya kununua, compteur, ile saa ndogo yenye kuhesabu kilometa, ilionyesha elfu arobaini na sita na kitu. Siku tano nyuma Mbayo aliosha gari, akanyanyua kiti, akakuta kadi ya kubadilisha mafuta ya injini. Kisenge, Oktoba 1970, kilometa 81 340. Na sasa tuko 1974. Je, gari linazeeka au linakuwa kijana?

"Hiyo compteur ingine ilitoka wapi?" Mwenze aliuliza.

"Zambia. Land Rover moja ilipinduka kule Chingola, bafanyabiashara bakaleta bipande yake. Inahesabu ya Bangereza, chef. Moja yake ni yetu moja na nusu na kipande."

"Maili."

"Njo vile. Jua imekula maandiko yote ku uso yake, inabaki paka namba, namba tu. Nilimuambia Tata Muamba. Na niliandika mu carnet ya motokari, ukurasa wa mwisho. Tarehe, namba ya zamani, namba ya mupya. Mwalimu yangu ku garaji alinifundisha: ukigusa compteur, andika mbele ya kufunga kapo."

"Carnet niko nayo. Ukurasa ule hauko."

Numbi akakaa chini bila kuambiwa.

"Basi mi nimekwisha," alisema.

*

Mbayo alikuwa nje, ameegemea Land Rover yake, mtu mnene mwenye koti la abakosti lililobana tumbo na kofia ya majani. Upepo wa Septemba ulikuwa unapuliza vumbi jekundu la mgodi mpaka ndani ya meno.

"Citoyen Inspekta, mwizi amesema?"

"Amesema. Sasa nataka gari nayo iseme. Washa."

"Tunaenda wapi?"

"Kwako. Njia ya Mutshatsha. Hatufiki mbali."

Njia ya Mutshatsha, ukivuka reli na kuacha nyumba za mwisho, inakimbia kando ya reli sawasawa, kama watu wawili wanaoshikana mkono. Na reli ina mawe yake. Kila kilometa jiwe moja jeupe lenye namba, lililowekwa na watu waliopima kwa mnyororo, si kwa macho. Mwenze alisimamisha gari sambamba na jiwe la kwanza baada ya kivuko. Aliandika namba ya compteur kwenye daftari yake: 46 512, na kale kanamba kadogo ka mwisho kakiwa kwenye sifuri.

"Endesha polepole. Usikate kona, usipite mu majani."

"Mi naendesha hii njia na macho ya kufunga!"

"Leo yafungue."

Walianza kuhesabu. Jiwe la pili, la tatu, la nne. Mbayo hakuweza kunyamaza. Alimtukana Numbi, akatukana ukoo wa Numbi, akatukana mashimo. Mwenze alikuwa anatazama kushoto kwenye mawe na mbele kwenye namba, kushoto na mbele, kama mtu anayechunga mbuzi wawili. Saa ya mkono alikuwa anaitazama pia. Saa tatu na robo.

"Inspekta, mawe ngapi?"

"Kumi na sita kupita lile la kwanza. Simama. Simama hapahapa!"

Vumbi lao wenyewe likawapita. Mwenze alisogeza uso karibu na kioo.

"Soma weye, usiseme mi nimekudanganya."

Mbayo akasoma. Akafuta kioo kwa mkono wa abakosti, akasoma tena.

"Makumi ine na sita elfu, mia tano makumi mbili na mbili. Kumi? Tumetembea kumi?"

"Reli inasema kumi na sita."

"Reli inadanganya?"

"Reli haina gari ya kuuza."

Mbayo aliondoa kofia, akajipepea. "Basi hii kitu ni mugonjwa. Inakula kilometa."

"Si mugonjwa. Inahesabu ya Zambia. Numbi amesema kweli hapo. Mutu mwenye kurudisha namba nyuma anarudisha namba, hawezi kugeuza kilometa kuwa maili. Compteur ilibadilishwa yote."

"Ilibadilishwa lini?" Mbayo hakuwa mjinga. "Sabini na moja, ama mwezi uliopita, ili mi nidanganywe muzuri? Eh? Jiwe lako linasema hiyo?"

Mwenze alishuka garini. Jiwe halikusema hiyo.

*

Alifungua carnet juu ya kapo, kifuniko cha injini, akaiwekea funguo juu ili upepo usiibebe. Ilikuwa kitabu kidogo cha matengenezo, karatasi zilizokunjwa katikati na kushonwa kwa uzi, za aina ile watoto wanashona madaftari shuleni. Mara ya kwanza alipoipokea alitafuta ukurasa wa mwisho, hakuuona, akafunga. Sasa alianza mwanzoni.

"Siku ya kuuziana, Tata Muamba alikuambia nini juu ya compteur?"

"Alisema: soma carnet, kila kitu kiko ndani. Nilisoma. Kuna mafuta, kuna breki, kuna mafuta tena. Kitu ya compteur hakuna."

"Weye haukutosha karatasi?"

"Mi? Mi nitatosha karatasi ya kunisaidia mi mwenyewe? Inspekta, jua imekupiga."

Jambo hilo nalo lilikuwa na akili. Mwenze akageuza kurasa. Namba zilichapishwa chini ya kila ukurasa. Kitabu kiliishia 46. Vizuri, 47 na 48 hazipo, alizijua. Akarudi mbele. Kitabu kilianza na 3.

Akahesabu mara ya pili kwa kidole chenye mate.

"Haukosekani ukurasa wa mwisho peke yake," alisema. "Hata ule wa kwanza hauko."

"Kwa hiyo ameiba mara mbili!"

"Lete karatasi yoyote." Mwenze alichukua risiti ya mihogo iliyokuwa mfukoni mwa Mbayo, akaikunja katikati. "Angalia. Upande huu ukurasa wa kwanza. Upande huu wa mwisho. Ni karatasi ngapi?"

"Moja."

"Moja. Yenye kufunika zingine zote. Ukivuta wa kwanza, wa mwisho unafuata. Siku zote nilikuwa najiuliza ni nani alitaka kuficha wa mwisho."

"Na sasa?"

"Sasa najiuliza ni nani alitaka kuficha wa kwanza."

Akaleta mgongo wa kitabu karibu na macho. Hakuna mahali palipochanwa. Uzi wa kiwandani ni mweupe. Huu ulikuwa wa buluu, mshono mdogo mdogo, sawasawa, na fundo limefichwa kwa ndani.

"Hii si mikono ya garaji," alisema. "Geuza motokari. Tunaenda Dilala."

*

Tata Muamba aliwapokea akiwa ameketi, mguu mmoja uliovimba juu ya kiti cha pili. Nyumba ilikuwa moja ya zile za kampuni za zamani, chumba cha mbele kikiwa na redio, picha za harusi, na mashine ya kushona karibu na dirisha. Mkewe, Mama Mbelu, aliwaletea maji ya kunywa kwa magoti yaliyoinama kidogo, namna ya kwao. Kisha akarudi kwenye mashine yake, lakini mguu wake haukukanyaga.

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na nusu.

"Tata," alisema Mwenze, "nisamehe, sina nafasi ya kuzungusha maneno. Numbi alikuambia alibadilisha compteur?"

"Aliniambia. Aliandika mbele yangu, nami nikatia signature. Kwani hakuonyesha carnet?"

"Carnet hii hapa. Onyesha weye, Tata."

Mzee akavaa miwani. Akageuza, akageuza, akarudi. Akakung'uta carnet juu ya magoti, na Mbayo, aliyekuja na matusi yake yote tayari, akayameza.

"Ukurasa ulikuwa hapa," mzee alisema, akimgeukia mkewe. "Mamu, ulikuwa hapa! Nimemuuzia mutu motokari, nikamuambia soma, na hakuna cha kusoma? Mi, miaka makumi tatu karani? Na Numbi iko buloko juu ya hii?"

"Ni leo anapanda treni," alisema Mwenze. "Saa kumi. Faili ikifika Lubumbashi, hapa hakuna mutu wa kuifunga tena."

Juu ya meza kulikuwa na wembe wa kuchongea kalamu. Mwenze aliutazama mara moja, akauacha. Karatasi haikukatwa. Akainuka, akatembea mpaka dirishani, akarudi, akatembea tena. Kwenye mashine ya kushona kulikuwa na vidonge vya uzi: nyekundu, nyeupe, na buluu. Kanzu ya komunyo ya mtoto fulani ilikuwa inapata pindo la buluu, mshono mdogo mdogo.

Mama Mbelu aliweka kiganja juu ya uzi ule.

"Mama," Mwenze alisema taratibu, "mikono yako inashona muzuri."

"Nilifundishwa ku Bamasera, masista ba misioni."

"Hata bitabu unashona?"

Mama alimtazama viatu, akamtazama beji ya chama kifuani. Mtu wa serikali. Akafunga mdomo. Mumewe alifungua wake, lakini Mwenze akainua mkono kumzuia.

Nje, honi ya mgodi ililia, mbwa wa jirani akaijibu. Mama alipozungumza, hakuzungumza na Inspekta. Alizungumza na kanzu ya komunyo.

"Nitatega kitendawili kimoja. Mwenye kujibu, ajibu. Mi sisemi kitu, mi nategea tu batoto."

"Tega, Mama."

"Bwana yangu alipewa kitu ndani ya maji, angali mutoto wa kunyonya. Hakina kilo, hakijai mufuko. Miaka makumi sita anatembea nacho, hakikuchakaa. Siku moja redio ikasema: kitupe. Sasa mi nauliza, kitu bila kilo, mutu anakitupa wapi?"

Mbayo akakuna kichwa. "Roho?"

"Roho haipewe ku maji."

"Kivuli?"

"Wapi! Kivuli ku maji?"

Mwenze alikuwa ameshika carnet mkononi, kwenye ganda lisilo na ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza wa carnet, kila mwenye gari anajua, una jina la mwenye gari.

"Jina," alisema. "La ubatizo, lile serikali ilikataza."

Mama Mbelu akaanza kulia bila sauti.

"Louis," alisema mumewe, kama mtu anayeitikia mlangoni.

"Waliandika *Louis Muamba*," mama alisema sasa, na maneno yakaanza kukimbia. "Na chini, *Katanga*, nayo neno ya kukatazwa. Batoto ba chama bakaanza kupita mu nyumba, wanafungua makabati, wanauliza karatasi. Mu njia ya pili walibeba mwanaume buloko juu ya jina la zamani ku mulango yake. Mi sisomi Kifaransa. Nilisoma paka Louis. Nikafungua uzi, nikatosha ile karatasi, nikashona tena. Ya nyuma ikafuata, sikuangalia hata. Nilijua ni ya mafuta, mafuta, kama zingine! Maweja, Mungu wangu, na Numbi iko buloko juu ya uzi yangu?"

"Uliichoma, Mama?"

Alimtazama kwa mara ya kwanza usoni, kwa hasira.

"Jina la maji? Nichome?"

Alikwenda chumbani. Alirudi na kitabu cha nyimbo za kanisa, kimefungwa kwa kitambaa. Katikati, kati ya nyimbo za mazishi na nyimbo za Pasaka, karatasi ilikuwa imekunjwa vilevile ilivyokuwa. Upande mmoja, jina. Upande mwingine, mwandiko mzito wa Numbi, na chini yake signature ya mzee yenye mikia:

*4 Machi 1971. Compteur ya zamani imekufa ku 83 015. Mupya ya Zambia inaanza ku 21 700. Inahesabu maili.*

Mwenze alipiga hesabu pembeni mwa daftari, kalamu ikikwaruza. Elfu ishirini na nne, mia nane na kumi na mbili za Kiingereza, kutoka Machi 1971 mpaka asubuhi ya leo. Za kwetu, karibu elfu arobaini. Jumlisha za zamani.

"Elfu mia moja makumi mbili na mbili na mia kenda," alimuambia Mbayo. "Na kidogo juu. Hiyo njo umri wa gari yako."

"Basi imetembea kupita hata ile kadi ya Kisenge!"

"Imetembea. Na ilikuwa imeandikwa."

Tata Muamba alisukuma kiti. "Mwana wangu, kama hauitaki, uirudishe leo. Sitaki mutu aseme Muamba alimufunga macho."

Mbayo alitazama dirishani, Land Rover ikiwa nje na vumbi la Mutshatsha mpaka kwenye taa. Alivuta pumzi ya mtu anayefunga biashara.

"Wiki tatu imebeba makala yangu, haijakohoa hata mara moja. Nabaki nayo. Lakini nataka ukurasa wangu."

"Ukurasa unakwenda mu faili," alisema Mwenze. Akaigeuza karatasi. "Na jina linakwenda nao, Mama. Ni karatasi moja. Siwezi kupeleka upande moja tu. Nikipeleka kopi, watasema niliandika mi."

Mwenze alitazama ukutani. Saa nane kasoro.

Mama Mbelu alifuta macho kwa pindo la kanzu. Kisha akavua kitambaa cha kazi, akafunga kile cha kwenda misa.

"Mi nitaibeba," alisema. "Mi njo niliitosha."

*

Mwandishi wa kituo alikuwa na faili mbele yake, limekwisha kufungwa kamba. Alisoma karatasi upande wa mwandiko wa Numbi, akaigeuza, akainua nyusi.

"Louis? Citoyenne, hii jina ni marufuku."

"Andika," alisema Mama Mbelu. Sauti haikurudi nyuma. "Louis Muamba. Bwana yangu. Mwenye kutosha karatasi ni mi, Mbelu. Andika na yangu."

"Soma tarehe," alisema Mwenze. "Jina liliandikwa sitini na nane. Fundi aliandika Machi sabini na moja. Marufuku ilikuja mwaka uliofuata. Siku zile hata weye ulikuwa na jina. Ulikuwa nani?"

Mwandishi alitazama mlango, akatazama dirisha.

"Modeste," alisema ndani ya kola.

Kutoka nyuma ya mlango wa buloko, mtu alicheka. Alikuwa Numbi.

Mwandishi akafungua kamba ya faili. Mbayo alitia signature kwamba anaondoa mashitaka, akibonyeza kalamu mpaka ikatoboa. Mama Mbelu alitia msalaba mdogo, kisha pembeni mwake jina lake, herufi moja moja, namna Bamasera walivyomfundisha. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Kule kituo cha reli, treni ilikuwa inavuta mabehewa yake kwa kelele.

Numbi alitoka akijikinga jua kwa mkono. Mama Mbelu alitaka kupiga magoti, lakini Numbi akamshika kiwiko.

"Mama, usinitie haya mbele ya batu. Nani atalipiza kisasi kwa uzi?"

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka Land Rover, akaigonga, akainama kusikiliza kitu ambacho wengine hawakukisikia. Halafu akamuomba mlinzi wa kituo kopo la rangi nyeupe, lile la kupaka mawe ya uani, na kipande cha kijiti. Akafungua mlango wa dereva. Juu ya bati la ndani, pale mlango unapofunika, akaandika polepole: *4.3.71. 83 015. Mupya 21 700. Maili.*

"Ukurasa wako, Tata Mbayo. Hii haishonwi."

Mbayo aliinama, akasoma kwa sauti. Aliporidhika alitaka kufunga mlango, lakini Numbi alikuwa bado ameshika kijiti, tone la rangi likining'inia.

"Mama, nibakishe hapa? Ama niongeze jina?"

Mama Mbelu alitazama askari, akatazama Mwenze na beji yake, akatazama bati. Kitabu chake cha nyimbo kilikuwa kwapani, chepesi kuliko asubuhi.

"Ongeza," alisema. "Lakini fupi. Tia paka L. Mwenye kuuliza, nitamutegea kitendawili."